Jeki ya tani 10 kwa mzigo wa tani 3: hesabu ya haidroli (nguvu ya presha ya oili) ya tela la tipa

Jeki inayoitwa ya tani 10 hunyanyua tani 10 ikiwa imesimama wima na mzigo umekaa juu ya kichwa chake. Chini ya bodi la tipa nafasi hiyo haipo. Jeki inalazwa, inasukuma kwa mshazari, na bodi limefungwa bawaba kwa nyuma mithili ya kifuniko cha sanduku. Kwa mkao huo tani 10 huishia kunyanyua tatu, na jeki ikifungwa vibaya hata mbili ni kwa taabu. Kwa hiyo ukifika kwa muuza vyuma chakavu akakuuliza "Unataka ya tani ngapi?", usijibu kwa kukisia. Jibu linatoka kwenye mambo matatu: mzigo una uzito gani, uzito huo umekaa wapi, na jeki inasukuma kutoka wapi.

Tela tutakalolipigia hesabu ni la ekseli moja, la kuvutwa na trekta, linalofaa kazi za Tanga: mchanga wa ujenzi mjini, mawe na kokoto za chokaa upande wa Pongwe, samadi na makapi ya mkonge kuelekea Muheza. Kwa ndani bodi lina urefu wa mita 2.5, upana mita 1.5, kuta sentimita 40. Bawaba ziko sentimita 20 kutoka mwisho wa nyuma. Kama unajenga juu ya Kenta, badilisha vipimo tu. Njia ni ile ile.

Andaa tepu, uzi, chaki, skwea, mizani, ndoo ya lita 20 na kikokotoo cha simu. Mashine ya kuchomelea iache kwanza.

Hatua ya 1: Uzito, pamoja na maji yake

Ujazo wa bodi ni 2.5 × 1.5 × 0.4, yaani mita za ujazo 1.5. Mchanga mkavu una kama kilo 1,600 kwa kila mita ya ujazo. Ukilowa hufika 1,900 na kuzidi. Kokoto ni 1,500 hadi 1,600, udongo mbichi 1,700 hadi 1,800. Anayepiga hesabu kwa mchanga wa Januari, tela lake litagoma Aprili masika yakikolea. Tumia uzito wa mvua.

Tena huna haja ya kuamini namba za kwenye karatasi. Chukua mchanga ule ule utakaobeba, ulowanishe, ujaze ndoo ya lita 20, uipime kwenye mizani ya duka la nafaka, toa uzito wa ndoo tupu, kisha zidisha kwa 50. Ndoo ikitoa kilo 38, mita ya ujazo ni kilo 1,900. Angalia jambo moja: ndoo nyingi za lita 20 zikijazwa hadi ukingoni hubeba zaidi ya lita 20. Mimina kwanza chupa 20 za maji za lita moja, weka alama maji yalipofika, mwaga, ndipo ujaze mchanga hadi kwenye alama. Kosa la lita mbili kwenye ndoo linakuwa kosa la karibu kilo 300 kwenye tela.

Mita 1.5 × 1,900 ni kilo 2,850. Wapakiaji nao hawaishii ukingoni, huacha kichuguu katikati. Ongeza asilimia 10. Mzigo sasa ni kilo 3,135.

Bodi lenyewe lina uzito wake, na hapa ndipo wengi husahau. Pleti ya chuma yenye unene wa milimita 1 ina kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Sakafu ya milimita 4, mita za mraba 3.75, ni kilo 118. Kuta za milimita 2, pamoja na mlango wa nyuma, ni kilo 50. Boriti mbili ndefu za chaneli ya milimita 100, yenye kilo 10.6 kwa mita, ni kilo 53. Mbavu sita za boksi la 50 × 50 × 3 ni kilo 40. Bawaba, masikio (vipande vya pleti vya kushikia pini) na boriti ya kupokea jeki weka kilo 60. Jumla kama kilo 320.

Mzigo na bodi pamoja ni karibu kilo 3,450. Hii ndiyo namba ya kufanyia kazi.

Kabla hujaendelea, itazame ekseli. Ukiongeza fremu ya chini, tela zima lina kilo kama 3,800, na karibu zote zimekaa kwenye ekseli moja. Ekseli ya pikapu haiwezi. Inayofaa ni ya nyuma ya lori dogo, pamoja na ringi zake na tairi zenye namba ya uzito inayolingana. Kama ekseli uliyonayo ni ya tani 2, dawa si jeki kubwa. Punguza kimo cha kuta na uanze hesabu upya.

Hatua ya 2: Uzito umekaa wapi

Bodi likipakiwa sawasawa, uzito wote ni kama umekaa katikati yake, mita 1.25 kutoka nyuma. Bawaba ziko sentimita 20 kutoka nyuma, kwa hiyo kutoka bawaba hadi katikati ya mzigo ni mita 1.05. Huo ndio mkono wa mzigo.

Lakini mchanga haupakiwi kwa rula. Ukimwagwa na kijiko cha trekta au watu wakitupa makoleo kutoka ubavuni, mara nyingi unalundikana mbele. Ongeza sentimita 15 na ufanye mkono wa mzigo kuwa mita 1.20. Zidisha: 3,450 × 1.20 = 4,140. Iandike namba hii ukutani, utairudia mara nyingi. Ndiyo nguvu ya mzigo ya kulizungusha bodi kwenye bawaba zake, kwa kilo-mita.

Unaweza kuupunguza mkono wa mzigo kwa kusogeza bawaba mbele, ila mkia wa bodi utashuka zaidi wakati wa kumwaga. Bawaba zikiwa sentimita 20 kutoka nyuma, bodi likiinuliwa hadi nyuzi 50 mkia unashuka sentimita 15 chini ya bawaba. Zikiwa sentimita 50, unashuka sentimita 38, na mlango utajifukia kwenye mchanga uliokwisha kumwagwa.

Hatua ya 3: Lichore tela sakafuni

Hapa ndipo kazi nzima ilipo. Fagia sakafu ya gereji, chora tela kwa chaki kwa ukubwa wake halisi, likitazamwa kwa ubavu. Weka alama ya bawaba. Halafu weka alama mbili za jeki: pini ya chini, kwenye fremu, na pini ya juu, chini ya bodi. Kwenye mfano wetu pini ya chini iko sentimita 60 mbele ya bawaba na sentimita 35 chini yake. Pini ya juu iko sentimita 150 mbele ya bawaba na sentimita 5 chini yake. Bodi limelala.

Nyosha uzi kupita kwenye pini zote mbili na uuache uendelee kurudi nyuma, hadi upite chini ya bawaba. Laza skwea juu ya uzi, ukingo mmoja ufuate uzi, isogeze taratibu mpaka ukingo wa pili uguse alama ya bawaba. Pima kutoka bawaba hadi kwenye uzi. Utapata sentimita 52. Huu ndio mkono wa jeki, na hakuna kipimo kingine kinachoweza kushika nafasi yake.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kupima kutoka bawaba hadi pini ya juu, mita 1.5, na kugawa 4,140 kwa 1.5. Jibu linakuja kilo 2,760, fundi ananunua jeki ya tani 3, na bodi halitikisiki hata likiwa na nusu ya mzigo. Kipimo hicho kingekuwa sahihi kama jeki ingesukuma juu moja kwa moja. Imelala, basi sehemu kubwa ya nguvu yake inakwenda mbele, si juu.

Hesabu ya kweli ni 4,140 ÷ 0.52 = kilo 7,960. Karibu tani 8 za kusukuma, kwa mzigo wa tani 3 na bodi lake.

Sasa ona jinsi mahali pa pini ya chini panavyotawala kila kitu. Ipandishe iwe sentimita 20 tu chini ya bawaba, vingine vibaki vile vile. Uzi unalala zaidi, mkono wa jeki unakuwa sentimita 30, na nguvu inayohitajika inaruka hadi karibu tani 14. Ishushe iwe sentimita 45 chini ya bawaba: mkono unafika sentimita 65, nguvu inashuka hadi kilo 6,370. Sentimita 10 za kushusha pini zimekuokolea zaidi ya tani moja na nusu, bila kununua chochote. Fundi anayepandisha pini ya chini ili jeki isigongane na ekseli anajiletea matatizo yote ya baadaye. Heri uinue bodi zima kwa boriti nene zaidi, bawaba zipande pamoja nalo, kuliko kuilaza jeki. Mpaka wa kushuka ni barabara: pini na sikio lake visipite chini ya ekseli, la sivyo jiwe la kwanza njiani litavikuta.

Ukimaliza kipimo cha chini, kata ubao au katoni ngumu kuwa bodi, uigongomee msumari kwenye alama ya bawaba na kuizungusha hadi nyuzi 25, kisha nyuzi 50. Kila mara nyosha uzi upya upime. Kwa nyuzi 25 mkono wa jeki umefika sentimita 68 na mkono wa mzigo umepungua hadi karibu mita moja, kwa hiyo nguvu ni kama tani 4.9. Kwa nyuzi 50 ni kama tani 3. Maana yake jeki inataabika sentimita chache za mwanzo tu. Tipa ikishavuka hapo, iliyobaki ni kazi ya pampu. Ndiyo maana pia tela linaloshindwa huwa halishindwi katikati. Linashindwa kabla bodi halijaachana na fremu.

Kwa kulinganisha, jeki ya teleskopu iliyosimama wima mbele ya bodi, mita 2.2 kutoka bawaba, ingehitaji kilo 1,880 tu. Lakini ingebidi irefuke zaidi ya mita 1.8 kufikia nyuzi 50, na ya namna hiyo si rahisi kuipata nzima.

Hatua ya 4: Kipenyo na presha

Ongeza asilimia 25 juu ya kilo 7,960 kwa ajili ya msuguano wa pini, tope linalong'ang'ania, na presha inayopotea kwenye mpira wa oili na viungio. Tunafika kilo 9,950.

Nguvu ya jeki ni eneo la pistoni mara presha. Eneo ni kipenyo × kipenyo × 0.785, kwa sentimita. Presha ya baa 1 ni kilo 1.02 kwa kila sentimita ya mraba. Trekta nyingi hutoa baa 150 na zaidi kwenye bomba la oili la nyuma. Thibitisha kwa geji au kitabu cha trekta yako, kisha piga hesabu kwa 150, yaani kilo 153. Gawa: 9,950 ÷ 153 = sentimita za mraba 65.

Jeki ya kipenyo cha milimita 80 ina eneo la 50.3, inatoa kilo 7,690. Haifiki hata nguvu ya kuanzia. Ya milimita 90 ina 63.6, inatoa 9,730: inanyanyua, ila akiba imepungua kidogo. Ya milimita 100 ina 78.5, inatoa zaidi ya tani 12. Chukua ya 100. Jeki mbili za milimita 70 ubavu kwa ubavu zina nguvu karibu sawa na moja ya 100, lakini msuguano wa moja ukizidi wa mwenzake, bodi linajipinda, hivyo zinafaa bodi gumu tu.

Kipenyo kinachohesabiwa ni cha ndani. Jeki ya skrepa yenye milimita 100 kwa nje huenda ndani ina 85. Kama huwezi kuifungua, vuta fimbo nje, ijaze oili, kisha isukume fimbo irudi sentimita 10 kamili huku ukikinga oili inayotoka kwenye kikombe cha kupimia. Jeki ya milimita 100 hutoa mililita 785. Ikitoa 570, umeshikishwa ya milimita 85. Kuna pia jeki zisizo na pistoni, fimbo nene yenyewe ndiyo inayosukumwa. Hapo kipenyo cha kuhesabu ni cha fimbo, na kipimo cha oili kitakuambia ukweli bila kujali aina.

Hatua ya 5: Urefu wa jeki na unene wa fimbo

Rudi kwenye mchoro. Bodi likilala, kutoka pini hadi pini ni sentimita 95. Kwa nyuzi 50 ni sentimita 152. Kwa nini 50? Mchanga mkavu huteleza mapema, lakini uliolowa na udongo wa mfinyanzi hukaa kimya hadi nyuzi 45 na kuendelea. Unahitaji mwendo wa sentimita 57. Jeki ya mwendo wa 60, yenye urefu wa 93 ikifungwa, inakaa vizuri: bodi likilala zinabaki sentimita 2 ndani ya jeki, mzigo unapumzika kwenye fremu. Ukikosa nafasi hiyo, tela litakuwa linatembea Tanga nzima mzigo ukiwa juu ya jeki, na kila shimo la barabarani litapiga pini na pistoni kama nyundo.

Fimbo iliyotoka yote inaweza kupinda kabla haijashindwa kusukuma. Kwa urefu wa mita 1.5 pini hadi pini, fimbo ya milimita 40 kiwango chake salama ni kama tani 3, ambazo ndizo hizo hizo za mzigo ukiwa juu, akiba hakuna. Ya milimita 50 inabeba kama 7. Milimita 10 tu, uwezo zaidi ya maradufu.

Hatua ya 6: Oili na pampu

Jeki itakunywa 78.5 × 60, yaani lita 4.7. Tangi la kujitegemea liwe la lita 8 au zaidi ili pampu isivute hewa jeki ikiwa imefunguka. Kwa joto la pwani oili ya haidroli namba 46 inatosha, na 68 inafaa kwa kazi ya kutwa.

Ukitumia bomba la trekta, kumbuka hizo lita 4.7 zinatoka kwenye oili ya trekta yenyewe. Angalia kijiti cha oili jeki ikiwa imefunguka. Na jeki uliyoitoa skrepa isafishe kwanza, uifungue na kuifunga mara kadhaa kwa oili ya kumwaga. Uchafu wake ukirudi kwenye trekta, gharama si ya tela tena.

Pampu ya umeme wa volti 12 ya kilowati 1.6 hutoa kama lita 6 kwa dakika kwenye baa 100, hivyo bodi linapanda chini ya dakika moja. Inavuta zaidi ya ampea 130, kwa hiyo waya uwe wa milimita za mraba 35 angalau, mfupi, wenye fyuzi karibu na betri. Waya mwembamba unapata moto na pampu inaonekana dhaifu ilhali tatizo ni umeme. Pampu ya mkono inayotoa mililita 20 kwa mpigo inataka mipigo 235. Inawezekana, kwa anayemwaga mara moja kwa siku.

Valvu ya usalama, inayoachia oili presha ikizidi, iweke baa 140. Bodi likigoma, usikaze skrubu yake. Ukikaza, unahamisha tatizo kutoka kwenye mzigo kwenda kwenye pini, mpira na machomeo. Kwenye tundu la jeki funga valvu ya kupunguza mwendo wa kushuka, ili mpira ukipasuka bodi lishuke polepole. Mpira wenyewe uwe wenye tabaka mbili za nyuzi za chuma na uandikwe presha inayozidi ya valvu.

Hatua ya 7: Vyuma vinavyopokea nguvu

Tani 8 za jeki zinakwenda mahali fulani. Kwa mshazari wa mchoro wetu, kama tani 7.5 zinasukuma bodi kwenda mbele na 2.5 tu zinalipandisha. Bawaba ndizo zinazolizuia bodi lisikimbilie mbele, kwa hiyo kila bawaba inabeba karibu tani 4 za kulala. Wenye kukisia hutazama mzigo, wakaweka bawaba kama za geti, zikang'oka siku ya kwanza zikielekea mbele. Weka pini za milimita 30 na masikio ya pleti ya milimita 12 au zaidi, yaliyochomelewa pande zote mbili.

Pini za jeki ziwe za milimita 40, kila moja ikishikwa na masikio mawili, ya unene wa milimita 16. Boriti ya kupokea jeki, inayokatiza kati ya chaneli mbili za fremu zilizoachana sentimita 70, iwe boksi la 120 × 120 lenye unene wa milimita 8, au chaneli mbili za 120 zilizochomelewa mdomo kwa mdomo. Boksi la 100 × 100 × 6 linaonekana nene kwa macho, lakini valvu ikifika baa 140 linapinda katikati. Boriti kama hiyo iwepo pia juu, kwenye bodi.

Unapochomelea, waya wa asi ubane karibu kabisa na mahali unapochoma. Umeme ukipita kwenye jeki au pini, unaacha vidonda kwenye fimbo ambavyo vitakula sili (mpira wa ndani unaozuia oili isivuje). Jeki iliyo na sili ndani isichomelewe hata kidogo.

Hatua ya 8: Majaribio kwa geji

Funga geji ya presha karibu na jeki. Tela liwe limefungwa kwenye trekta, mahali tambarare. Nyanyua bodi tupu: geji isome kama baa 8, na kidogo zaidi kwa sababu ya msuguano. Halafu panga mifuko 30 ya saruji ya kilo 50, iliyoenea sawasawa. Hizo ni kilo 1,500 zisizo na ubishi. Nyanyua mbele sentimita 10 tu, mifuko isiteleze. Hesabu: 1,820 × 1.05 ÷ 0.52 ÷ 78.5 ÷ 1.02, kama baa 46. Geji ikisoma 50, uko salama. Ikisoma 65, kuna kitu: pini kavu, bawaba zisizo kwenye mstari mmoja, au mkono wa jeki ulipimwa vibaya. Usipakie mchanga kabla hujakijua.

Liache bodi hapo dakika 10. Weka alama ya chaki kwenye fremu mkabala na bodi. Likishuka, sili au valvu inapitisha.

Kabla ya kuingiza hata mkono chini ya bodi lililonyanyuliwa, simamisha nguzo ya chuma kati ya bodi na fremu. Ijengwe humo humo kwenye tela, yenye bawaba yake, isiwe gogo la kuokota. Mpira unaovuja ukague kwa kipande cha katoni. Oili yenye presha hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na kidonda kinaonekana kidogo kuliko kilivyo. Tazama na juu: bodi likiwa nyuzi 50 ncha yake iko mita 3 kutoka ardhini, na nyaya za umeme uchochoroni mara nyingi zimelegea.

Yanayoharibika, na kwa nini

Bodi likipanda kwa kushtuka-shtuka, kuna hewa kwenye jeki. Panda na kushuka tupu mara tano au sita, kisha ongeza oili. Pampu ikilia na oili ikitoa povu, inavuta hewa upande wa tangi: klipu imelegea au oili imepungua. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, kwa kawaida kupitia kifuniko cha tangi wakati wa mvua. Imwage yote, usiichuje.

Kusahau kufungua mlango wa nyuma ni hatari kuliko uvujaji. Mchanga unateremka na kubanana mlangoni, uzito unahamia nyuma ya ekseli, na ulimi wa tela (chuma cha kuliunga na trekta) unanyanyuka ukiiinua trekta kwa nyuma. Ukiona ulimi unapanda, shusha bodi polepole. Usikimbilie kwenda kufungua mlango huku limesimama. Vivyo hivyo mchanga ukining'inia upande mmoja bodi likiwa juu: lishushe, lichokoe, uanze tena. Kusogeza tela mbele na kufunga breki ghafla ili udondoke ndiko kunakopinda fimbo na kulaza tela ubavu.

Kwa Tanga adui mwingine ni hewa ya bahari. Kromu ya fimbo ikiachwa wazi usiku kucha karibu na pwani hupata vitundu vidogo vya kutu. Pitisha ukucha juu ya fimbo; ukikwama, sili inakatwa kila safari, na kubadilisha sili bila kuipeleka fimbo kupakwa kromu upya ni kutupa pesa. Laza bodi kila jioni ili fimbo iingie ndani, na sentimita zile mbili zinazobaki nje zipake grisi.